Mfadhili au Mwia? Juu ya Neno Moja Lililoupofusha Uhakiki Wetu

Utangulizi

Kuna neno ambalo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamelipokea bila kulikagua, nalo ni neno mfadhili. Tunalikuta katika magazeti, katika hotuba za mawaziri wa fedha na katika taarifa ya habari, na hilo halitushangazi. Linaloshangaza ni kwamba tunalikuta pia katika tasnifu za wanafunzi wetu, na katika makala tunayoyahariri sisi wenyewe, likitumika kana kwamba ni jina la kawaida la kitu cha kawaida, mithili ya mti au daraja. Mhakiki ambaye hawezi kuiacha sitiari ya mshairi ipite bila kuihoji imetoka wapi na inamtumikia nani, huiacha sitiari hii ipite mbele ya macho yake kila siku.

Makala haya yanadai mambo mawili. La kwanza ni kwamba uhusiano unaotajwa kwa neno mfadhili, baina ya nchi zetu na wenye mitaji wa dunia, kwa sehemu kubwa ni uhusiano wa deni na bei, na kwamba neno lenyewe linaugeuza ukaonekana kuwa uhusiano wa hisani. La pili, ambalo linatuhusu zaidi kama watu wa fasihi, ni kwamba kwa kulikubali neno hilo tumezisoma kazi kadhaa muhimu za fasihi yetu kinyume cha zinavyosema, kisha tukawafundisha wengine kuzisoma vivyo hivyo.

Neno na shina lake

Mfadhili limetokana na Kiarabu fadhl. Katika lugha hiyo neno hilo lina maana ya ziada, yaani kile kinachobaki baada ya haja kutimizwa. Na kutokana na maana hiyo likapata maana ya hisani au neema. Tafadhali yetu ya kila siku imetoka katika shina hilo hilo. Mfadhili basi ni mtu anayetoa katika ziada yake bila kudaiwa na bila kudai. Anayefadhiliwa hana haki mbele yake. Alicho nacho ni wajibu wa kushukuru, na akikosa kushukuru jamii ina methali tayari ya kumsuta: mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi.

Sasa tumtazame yule anayetoa fedha kwa mkataba, kwa riba, kwa tarehe ya kulipwa na kwa masharti ya namna nchi itakavyotozwa kodi hadi alipwe. Kiswahili hakikukosa jina lake. Huyo ni mwia, au kwa lugha ya kawaida zaidi, mdai. Lugha yetu haiwachanganyi wawili hawa. Inajua kwamba kukopa ni harusi na kulipa ni matanga, na haijapata kusema hivyo juu ya kupokea zawadi.

Hatusemi kwamba kila fedha itokayo nje ni mkopo. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI ambazo Marekani ilianza kuzigharamia kwa wingi chini ya mpango wake wa 2003 zilikuwa ruzuku, na mtu aliyeokolewa nazo ana haki ya kuziita fadhila. Kosa ni kulichukua jina la mwenye ruzuku na kumvika mwenye mkopo. Na kosa hilo halitokei kwa bahati mbaya, maadamu mara nyingi mtoaji wa ruzuku na mtoaji wa mkopo hukaa katika meza moja, hutoa taarifa moja, na huitwa kwa jina moja.

Ubovu huu haukomei kwa neno moja. Tunasema nchi zinazoendelea, kwa kitenzi kisichochukua yambwa na kisichotaja mtendaji. Zinaendelea na nini? Tungesema zinaendelezwa, msomaji angeuliza mara moja: na nani, na kwa gharama ya nani? Tunasema umaskini, nomino ya hali tu, inayokaa katika sentensi kama jiwe. Tungesema kufukarishwa, sarufi yenyewe ingetulazimisha kumtafuta anayefukarisha. Mwanafunzi wa isimu wa mwaka wa kwanza anaijua tofauti hii. Mhakiki huisahau anapofika kwenye uchumi.

Jumba moja, lugha mbili

Hatuna haja ya kwenda Washington kutafuta ushahidi wa jinsi lugha hii ilivyoshinda. Upo katikati ya Nairobi. Mnamo Septemba 1973 Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, likiwa jipya kabisa, liliupokea mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha Duniani. Humo Robert McNamara, rais wa Benki wakati huo, ambaye kabla yake alikuwa waziri wa ulinzi wa Marekani wakati wa vita vya Vietnam, alitoa hotuba iliyokuja kuwa mashuhuri. Aliongea juu ya umaskini wa kupindukia na juu ya mkulima mdogo. Kwa lugha ya hotuba ile, mkulima mdogo alikuwa na upungufu: wa ardhi, wa mkopo, wa maji, wa maarifa. Dawa yake ilikuwa kuongezewa vitu hivyo ili azalishe zaidi.

Mnamo Mei 1976, katika jumba hilo hilo, ulifanyika mkutano wa nne wa Umoja wa Mataifa wa Biashara na Maendeleo. Lugha iliyotumika ilikuwa nyingine. Miaka miwili kabla yake Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha azimio la kudai mfumo mpya wa uchumi wa kimataifa, na wajumbe wa nchi za Afrika, Asia na Marekani ya Kusini walikuja Nairobi kudai bei. Hoja yao ilikuwa na mizizi katika kazi ya Raúl Prebisch wa Ajentina, aliyeonyesha tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 kwamba nchi zinazouza mazao ghafi huelekea kuuza kwa bei inayoshuka na kununua bidhaa za viwandani kwa bei inayopanda. Mkutano ule ulipitisha mpango wa kuimarisha bei za mazao na malighafi 18, yakiwemo kahawa, chai, pamba na mkonge, na wa kuunda Mfuko wa Pamoja wa kuugharamia.

Tuzilinganishe hotuba hizi mbili kama tunavyolinganisha matini. Mkulima wa 1973 ni mhitaji, na aliye mbele yake ni mfadhili. Mkulima wa 1976 ni muuzaji, na aliye mbele yake ni mnunuzi anayempunja. Yule wa kwanza anaongezewa mbolea ili azalishe zaidi, na haulizwi atauza kwa bei gani. Yule wa pili anauliza bei kwanza. Mtu ni yule yule, kahawa ni ile ile. Kilichobadilika ni nomino.

Tunajua ni lugha gani iliyoshinda. Mkataba wa Mfuko wa Pamoja ulikubaliwa mwaka 1980, lakini haukuanza kutumika hadi Juni 1989, ukiwa tayari umepunguzwa makali. Mwezi uliofuata, Julai 1989, mfumo wa migao ya mauzo uliokuwa ukilinda bei chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulisimamishwa, na bei ya dunia ikaporomoka. Mazao ya kahawa ya Kenya, ambayo yalikuwa yamefikia takribani tani 130,000 katika msimu wa 1987/88, hayajarudi tena katika kiwango hicho. Ni kweli kwamba wizi na usimamizi mbaya katika vyama vya ushirika vilichangia. Lakini mkulima aliyeitelekeza mibuni yake katika miaka iliyofuata hakufanya hivyo kwa kukosa maarifa. Alijua hesabu vizuri kuliko waliokuja kumfundisha.

Marekebisho ya nani?

Baada ya bei kutoweka katika mjadala, palibaki deni, na deni likaja na msamiati wake. Kenya ilichukua mkopo wake wa kwanza wa marekebisho ya kimuundo kutoka Benki ya Dunia mwaka 1980. Kurekebisha ni kukiweka sawa kilichoharibika. Kwa hiyo hukumu imekwisha kutolewa ndani ya neno kabla kesi haijasikizwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulifundishwa neno jingine, ugawanaji wa gharama, na vyuo vikuu vya umma pamoja na hospitali zikawa mahali pa kugawana. Mtu hugawana na mwenzake aliye na kitu. Mama aliyefika zahanati bila ada ya kumwonyesha mtoto wake daktari alikuwa anagawana na nani?

Wapo waliolipinga jambo hili kwa lugha iliyo wazi, na ni aibu kwamba hotuba zao hazisomwi katika idara zetu kama matini za balagha. Katika hotuba yake kwa mabalozi siku ya mwaka mpya wa 1980, Julius Nyerere alihoji ni lini Shirika la Fedha Duniani lilipewa kazi ya kuwa wizara ya fedha ya mataifa yote. Swali lile halikuwa la mtu aliyefadhiliwa. Lilikuwa la mtu anayekagua hati ya madaraka. Lina uzito hadi leo, kwa kuwa katika Shirika hilo kura hugawanywa kwa kadiri ya hisa: Marekani peke yake ina takribani asilimia 16.5, na maamuzi makubwa huhitaji asilimia 85. Nchi moja yaweza kuzuia. Bara letu zima haliwezi. Tanzania ilisalimu amri mwaka 1986, Nyerere akiwa amekwisha kung'atuka urais.

Fasihi imesema, sisi tumesikia nini?

Hapa ndipo lawama inapotugeukia. Waandishi wetu hawakulala. Tatizo ni wasomaji wao wa kitaaluma.

Tuchukue tamthilia ya Said Ahmed Mohamed, Amezidi (1995). Ame na Zidi ni watu waliozoea kuishi kwa cha kupewa, na usomaji uliozoeleka madarasani ni kwamba tamthilia hii inakejeli uvivu na utegemezi wa Mwafrika. Usomaji huo haukosi ushahidi, lakini umeishia mlangoni. Ukiyaunganisha majina mawili unapata sentensi kamili, na sentensi hiyo ina kiambishi cha nafsi: a-. Nani amezidi? Mhakiki aliyezoea neno mfadhili hujibu haraka kwamba ni mpokeaji, aliyezidi kwa ulafi. Lakini zidi na ziada zina shina moja, na tumekwisha kuona kwamba fadhila yenyewe, katika asili yake, ni ziada. Aliye na ziada ndiye aliyezidi. Kazi inayotuuliza ziada ya dunia imelundikwa wapi na kwa njia gani, sisi tumeigeuza kuwa mawaidha juu ya watu wavivu pangoni.

Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), aliunda jina la sayari kwa kuunganisha maneno matatu, wale ni sisi. Jina hilo ni pingamizi dhidi ya mpaka wote wa mtoaji na mpokeaji. Sisi tunalitaja katika mtihani kama mfano wa ubunifu wa majina, tunatoa alama mbili, tunaendelea.

Ngũgĩ wa Thiong'o, katika riwaya iliyotokea kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani (1982), aliwaita wageni wa ng'ambo na wenyeji wao kwa jina moja, wezi, akawakutanisha katika mashindano ya kujigamba. Na Chachage, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika riwaya yake ya 2002 alikwenda mbali zaidi kwa neno moja la kichwa cha kitabu: Makuadi wa Soko Huria. Tulitafakari neno kuadi. Mfadhili huhitaji watu wawili, mtoaji na mpokeaji. Kuadi huhitaji watatu: anayenunua, anayeuzwa, na yule aliyesimama kati akipokea ujira. Kwa nomino hiyo moja Chachage anamleta jukwaani yule ambaye lugha ya ufadhili humficha siku zote, naye ni mwenyeji anayetia sahihi. Ni katika riwaya hii, ambayo chanzo chake ni mradi wa ufugaji wa kamba katika delta ya Rufiji, ndipo tunapopata nadharia ya uchumi wa kisiasa iliyo timamu kuliko ile inayopatikana katika tasnifu nyingi zenye neno utandawazi katika kichwa. Tasnifu hizo hukiri kwamba utandawazi "umeathiri" jamii. Nani kautanda? Wazi kwa nani? Kahawa hupita mipakani; mchumaji wake huombwa viza.

Pingamizi tatu

Tutaambiwa, kwanza, kwamba neno ni neno tu, na kulibadili hakulipi deni. Ni kweli halilipi. Lakini idara ya fasihi haikupewa kazi ya kulipa deni. Ilipewa kazi ya kuyapima maneno. Asiyeamini kwamba maneno yana kazi duniani amekosea mlango, na wizara ya fedha itamfaa zaidi.

Pili, tutaambiwa kwamba wafadhili hao hao ndio waliotuletea demokrasia. Hoja hii ina nguvu na haifai kudharauliwa. Mnamo Novemba 1991, katika mkutano wa Paris, waliositisha fedha kwa serikali ya Kenya waliisukuma, na mwezi uliofuata kifungu cha 2A kilichofanya nchi kuwa ya chama kimoja kikafutwa. Lakini tuangalie neno linavyofanya kazi hapa. Watu waliojitokeza Kamukunji tarehe 7 Julai 1990, wakapigwa, wengine wakafa, walifanya hivyo zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mkutano ule. Tukisema demokrasia ililetwa na wafadhili, hata uhuru waliougharamia kwa damu unageuka kuwa zawadi kutoka Paris. Kwamba mwia alilitumia deni vizuri siku moja hakumfanyi akome kuwa mwia. Kunatuonyesha tu ukubwa wa mamlaka aliyokuwa nayo.

Tatu, na hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, tutaambiwa kwamba walioiba ni watu wetu, na kwamba kumlaumu mgeni ni kumfunika mwizi wa nyumbani. Sisi tunasema kinyume: neno mfadhili ndilo linalomfunika. Anayekula zawadi ni mlafi na mkosefu wa adabu, na kosa lake ni kwa aliyemzawadia. Anayekula mkopo ametuandikia sote hundi. Kashfa ya Goldenberg ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilitufundisha jinsi fedha za umma zinavyoweza kulipwa kwa dhahabu isiyokuwepo. Mikataba ya mikopo ya reli ya Mombasa hadi Nairobi, iliyotolewa na benki ya serikali ya Uchina mwaka 2014, ilifichwa hadi 2022, na hata hapo iliyotolewa ilikuwa sehemu tu. Mbele ya fadhila, kuomba kuonyeshwa karatasi ni utovu wa shukrani. Mbele ya deni, ni haki ya kila anayelipa. Neno mwia halimwachilii mwizi. Linaweka sahihi yake mezani, kando ya sahihi ya mkopeshaji, awe wa Magharibi au wa Mashariki.

Hitimisho

Mnamo Juni 2014 Kenya iliuza hatifungani zake za kwanza katika masoko ya nje, sehemu kubwa yake ikiwa ya miaka kumi kwa riba ya asilimia 6.875. Ilipokaribia kuiva, mnamo Februari 2024, ziliuzwa nyingine za dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili kulipia sehemu kubwa ya zile za awali. Miezi minne baadaye vijana waliingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, makumi wakauawa, na miongoni mwa mabango yao yalikuwamo yaliyolitaja Shirika la Fedha Duniani na Benki ya Dunia kwa majina. Hawakuwa wamesoma makala ya jarida lolote. Walikuwa wamesoma stakabadhi za mishahara yao na bei ya mkate, wakafikia tafsiri ambayo sisi, kwa shahada zetu, hatujaifikia.

Kisha ukaja mwaka 2025. Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika lake la misaada lilikuwa limefungwa. Zahanati zilikosa wahudumu, miradi ikakatika katikati. Lakini hakuna hatifungani hata moja iliyosimamishwa. Hakuna riba iliyokatika. Tofauti ambayo makala haya yameitafuta katika kamusi ilijionyesha yenyewe mchana kweupe: mfadhili akichoka huondoka, mwia haondoki.

Sisi wenyewe si wasafi. Makongamano yetu yamegharamiwa kutoka nje, na mada zetu nyingi zilichaguliwa kwa kutazama ni nini kitakachogharamiwa. Huenda ndiyo sababu neno hili lilitukaa mdomoni kwa urahisi. Lakini marekebisho ya kwanza yamo ndani ya uwezo wetu, na hayahitaji mkopo. Mwanafunzi atakapoandika mfadhili katika tasnifu, msimamizi wake na aweke alama pambizoni na kuuliza: ni ruzuku au ni mkopo? Kama ni mkopo, riba ni ngapi, nani alitia sahihi, na nani analipa? Mwanafunzi akiweza kujibu, na aandike neno linalostahili. Asipoweza, sura hiyo ya tasnifu bado haijaandikwa.